Kinasa Kikae Nje ya Mtambo

Ujumbe wenyewe ni mfupi: faili lina namba kuu 61, haitambuliki. Baada ya hapo ujenzi wa programu umekufa. Huambiwi kwamba 61 ni Java 17, wala kwamba Gradle, zana inayojengea programu nyingi za Android, haikuanza kuendeshwa na Java 17 mpaka toleo lake la 7.3. Kila toleo la Java hupiga muhuri wake kwenye mafaili linayoyazalisha: 52 kwa Java 8, 55 kwa Java 11, 61 kwa Java 17, 65 kwa Java 21. Anayelijua hilo anamaliza kazi kabla chai haijapoa. Asiyelijua anashusha Gradle nyingine, zaidi ya megabaiti 100, kisha nyingine tena, na bando linakwisha kabla ya jibu kupatikana.

Kwa fundi wa programu aliyeko Tabora hili si jambo la kufikirika. Takwimu za zahanati na vituo vya afya, kuanzia Igunga hadi Kaliua, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kuishia kwenye DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kukuzwa hapa nchini kwa mchango mkubwa wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuuchukua na kuujenga. Lakini upande wa seva, toleo la 41 linataka Java 17, na la 42 linataka Tomcat 10, ambayo ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta, hivyo programu iliyojengwa kwa Tomcat 9 haikubaliki humo mpaka irekebishwe. Upande wa simu mambo yamebana zaidi. Programu-jalizi ya Android ya toleo 7.0 inahitaji Gradle 7.0 na Java 11; ya toleo 8.0 inahitaji Gradle 8.0 na Java 17. Gusa kimoja, viwili vinalalamika.

Watengenezaji huchapisha majedwali ya upatanifu, nayo yana faida. Ila jedwali la mtengenezaji linasema kinachotarajiwa kufanya kazi. Halisemi kilichotokea kwenye kompyuta yako, yenye mfumo wako na maktaba zako tano za ziada. Maarifa hayo ya pili kwa kawaida hukaa kichwani mwa mtu mmoja ofisini, na akihamishiwa Dodoma yanaondoka naye.

Waliotatua jambo hili mapema kuliko wote, kwa maoni yangu, ni jumuiya ya lugha ya Perl. Mradi wao wa CPAN Testers ulianza mwaka 1998, nao hufanya kazi kwa utaratibu rahisi: mwandishi akipakia kifurushi kipya kwenye CPAN, hifadhi ya vifurushi vya Perl, kompyuta za watu wa kujitolea hukishusha, hukijenga, hukijaribu, kisha zenyewe hutuma taarifa yenye toleo la Perl, mfumo wa kompyuta na matokeo. Hakuna anayeombwa ajaze fomu. Taarifa zimefika mamilioni, na kutokana nazo huchorwa jedwali linaloonyesha kila kifurushi dhidi ya kila toleo la Perl. Lililonivutia zaidi ni mgawanyo wa matokeo. Hayako mawili, yako manne: kimefaulu, kimeshindwa, hakihusiki, haijulikani. Kifurushi kinachodai Perl mpya kuliko uliyonayo hakijashindwa, hakihusiki. Kilichokwama hata kabla ya majaribio kuanza huingia kwenye haijulikani, kwa sababu hakuna kilichopimwa.

Kwa nini wajisumbue kurekodi toleo la Perl na mfumo wa kompyuta kwenye kila taarifa? Jibu liko kwenye historia ya Tabora yenyewe. Mwaka 1856 ilichapishwa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyokusanywa kutokana na masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara pwani. Wasafiri wa njia ya kusini walisema njia inaishia kwenye maji makubwa. Wa njia ya kati, iliyopita Unyanyembe, eneo la Tabora, kwenda Ujiji, walisema hivyo hivyo, na wa kaskazini pia. Wote walisema kweli. Wachoraji wakayaunganisha maji hayo yote, likatokea ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika, ambalo halijawahi kuwepo. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyeishi hapo, aliyewaeleza kwamba maziwa ni mbalimbali. Mwaka uliofuata Speke akatoka Kazeh kwenda kaskazini kuhakikisha, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akalitazama Ziwa Nyanza kwa macho yake.  

Kosa la ramani ile halikuwa uongo wa wasimulizi. Kilichokosekana ni safu ya kuonyesha kila msimulizi alikuwa amesimama wapi. Ndivyo inavyokuwa mtu akiandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwamba Gradle 7 inagoma. Gradle 7 ipi? Kwa Java ipi? Kwa programu-jalizi ipi? Taarifa kumi za namna hiyo, zote za kweli, zinakuchorea ziwa.

Sasa tuje kwenye ufundi. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuweka kinasa, yaani skripti ya kurekodi matoleo na matokeo ya kila ujenzi, ndani ya Gradle. Inawezekana: ukiweka skripti ya uanzishaji kwenye folda maalumu ya mtumiaji, Gradle huisoma kila inapojenga, nayo inaweza kuandika toleo la Gradle, toleo la Java na matokeo. Inapendeza, na inafanya kazi siku ambazo huna shida. Ikija ile namba 61, Gradle hufa ikijaribu kuitafsiri hiyo hiyo skripti yako. Kinasa kinakufa pamoja na mtambo, na tukio ulilolihitaji kuliko yote halimo kwenye kumbukumbu. Matokeo yake ni daftari linaloonyesha mafanikio matupu.

Kwa hiyo kinasa kikae nje. Skripti fupi ya gamba la Linux inatosha: inasoma toleo la Gradle kutoka kwenye faili la gradle-wrapper.properties, inauliza toleo la Java, inachukua toleo la programu-jalizi na alama ya Git ya msimbo, ndipo inaiita Gradle yenyewe. Gradle ikimaliza, skripti inapokea namba ya kutokea (0 ni salama, nyingine yoyote ni hitilafu), inachukua mistari ya kwanza ya kosa, inaandika mstari mmoja kwenye faili la maandishi. Mstari huo hauzidi baiti mia kadhaa. Unasubiri kwenye kompyuta mpaka mtandao urudi, halafu unasukumwa kwenye hifadhi ya Git ya ofisi pamoja na kazi nyingine.

Tahadhari moja kuhusu swali la Java. Java unayoiona ukiuliza kwenye gamba huenda isiwe ile inayojenga, maana Gradle ina mchakato wake wa nyuma unaoweza kuelekezwa kwenye Java nyingine. Katika matoleo ya karibuni, kuiuliza Gradle toleo lake huonyesha zote mbili: ya kuanzishia na ya mchakato wa nyuma. Rekodi zote mbili.

Halafu kuna mtandao. Ujenzi ukikwama kwa sababu maktaba haikushuka, Gradle inatoa namba ya hitilafu kama kawaida. Skripti isiyotofautisha itaandika kwamba matoleo hayapatani, na baada ya mwezi wa mtandao wa kukatika-katika jedwali lako litakuwa linapima minara ya simu. Watu wa CPAN walilikabili jambo hili: kifurushi kikishindwa wakati vitangulizi vyake havipo, taarifa haitumwi. Kwetu ningeiacha iandikwe, ila kwenye kundi la haijulikani, kwa kutafuta maneno ya kushindwa kupata maktaba ndani ya ujumbe wa kosa.

Wenye uwezo mkubwa wamelifanya kwa upana zaidi. Dependabot, ambayo GitHub iliinunua mwaka 2019, hutoa alama ya upatanifu kwa masasisho ya usalama: asilimia ya mizunguko ya majaribio, katika miradi ya wazi, iliyofaulu baada ya kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine. Ni kazi nzuri, ingawa mimi huichukulia kwa uangalifu. Mradi wenye majaribio mawili dhaifu hupita kirahisi, nao unahesabiwa sawa na wenye elfu mbili.

Mashine haitaandika sababu, na ningeacha safu moja tupu kwa ajili hiyo. Aliyetatua anaongeza sentensi moja: Java 17 imewekwa juzi na sasisho la mfumo, Gradle ilikuwa 7.2, tumepandisha. Asipoandika, mstari unabaki na bado una thamani. Na mistari ya zamani isifutwe hata toleo likistaafu. Kuna kompyuta huko Sikonge itawashwa mwakani ikiwa bado na Java 8.