Afisa Ustawi wa Jamii katika Mahakama ya Watoto

Miongoni mwa watumishi wa umma wa Tanzania wanaostahili pongezi za dhati ni afisa ustawi wa jamii, ambaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa nafasi rasmi katika Mahakama ya Watoto, yaani mahakama inayosikiliza kwa faragha mashauri ya walio chini ya umri wa miaka 18 na isiyomhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Kazi yake kubwa, taarifa ya uchunguzi wa kijamii, huandaliwa kwa ziara: afisa hufika nyumbani kwa mtoto, huzungumza na bibi, mwalimu na mjumbe wa nyumba kumi, huuliza mtoto aliacha shule lini na hulala wapi, ili hakimu, anapopima kama amwachie chini ya uangalizi au ampeleke Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, ayaone maisha ya mtoto pamoja na kosa lake. Mtoto akiachiwa chini ya uangalizi, fundi seremala wa mtaani anayekubali kumfundisha kushika randa anastahili pongezi hizo hizo. Halmashauri nazo zitenge nauli ya ziara hizi katika bajeti zao, kwa kuwa uchunguzi unaofanywa kwa simu kutoka mezani haumtendei mtoto haki.