Kwa Nini Gia Ilifyatuka

Boti ilikuwa katikati ya mkondo wa Kinasi, maji yakitoka kwa kasi Ghuba ya Chole, gia ya mbele ilipofyatuka. Injini ikapiga kelele, propela ikasimama, chombo kikaanza kuchukuliwa ubavuubavu. Nahodha alirudisha gia mara tatu ndipo iliposhika. Walifika Utende salama, na kesho yake mashine ikaletwa karakanani kwetu: Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye petroli.

Waliokuwepo ufukweni walikuwa na neno moja: meno ya gia yamekwisha, nunua seti nzima. Sikukubali. Meno yakikatika, mguu, yaani sehemu ya chini ya mashine yenye gia na propela, husaga hata mashine ikienda taratibu, na oili hutoka na vipande vya chuma. Hii ilitulia kwenye mwendo mdogo, ikafyatuka ilipobebeshwa mzigo. Ugonjwa wa namna hiyo nauanzia kwenye klachi.

Ndani ya mguu, gia ya mbele na ya nyuma huzunguka muda wote injini inapowaka, kila moja upande wake, zote zikiendeshwa na pinioni moja. Hazijashikana na shafti ya propela. Katikati yake ipo klachi, kipande cha chuma chenye kucha pande zote mbili, kinachoteleza juu ya shafti. Ukivuta mkono wa gia, fimbo ndefu hupanda au kushuka, kamu iliyo mwisho wake husogeza kipini, na kipini huihamisha klachi ikaing'ata gia mojawapo. Hakuna cha kulainisha kukutana huko. Ni chuma kwa chuma.

Hapo ndipo manahodha wengi hukosea kwa nia njema. Huusogeza mkono polepole wakidhani wanaihurumia mashine. Kumbe kucha hugongana pembe kwa pembe mara nyingi kabla hazijazama, na kila mgongano hula pembe. Pembe ikishaviringika, mzigo wa propela wenyewe huisukuma klachi itoke. Gia ya mashine hizi huingizwa injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, kwa mkono mmoja, haraka na bila kusita.

Tulianzia juu, kwa sababu juu hakugharimu kitu. Bushi ya mkono wa gia ilikuwa imelika, mkono ukawa unacheza kabla fimbo haijasogea. Kisha tukamwaga oili. Haikuwa nyeupe kama maziwa, kwa hiyo maji ya bahari hayakuwa yameingia, ila ilikuwa na unga mwembamba wa chuma. Kilichokula siku yetu ni bolti: chuma kilichokaa ndani ya alumini kwa miaka ya chumvi hakitoki kwa nguvu. Tulipasha moto, tukatia mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja, tukarudia. Bolti ikikatikia mle, gharama yake hupita bei ya klachi.

Klachi ilipotoka, kucha za upande wa mbele zilikuwa zimeviringika. Kucha za gia yenyewe bado zilikuwa na pembe kali, na hilo ndilo lililomwokolea mwenye boti fedha. Kijana mmoja alishauri tujazie kwa kuchomelea. Hapana. Chuma hicho kimekomazwa kwa moto maalumu, na ukikichomelea unaharibu ugumu wake.

Lakini mkosaji mkuu hakuwa klachi. Alama ya kung'aa kwenye kucha ilifika nusu tu ya kimo chake, maana yake gia ya mbele haikuwahi kuingia kikamilifu. Fundi aliyefungua mguu kabla yetu alikaza nati ndefu inayounganisha fimbo ya juu na ya chini bila kupima. Mkono uliposema mbele, klachi ilikuwa bado njiani. Tungeweka klachi mpya na kufunga, nayo ingelika vilevile.

Kwa hiyo tulitia klachi mpya, upande uliotiwa alama na kiwanda ukielekea mbele, pamoja na bushi, sili na impela ya pampu ya maji kwa kuwa mguu ulikuwa tayari chini. Tukaweka mkono katikati, tukahakikisha propela inazunguka bure kwa mkono, ndipo tukaunganisha fimbo. Tukajaribu mbele na nyuma, waya za plagi zikiwa zimechomolewa, mpaka zote mbili zikashika barabara, kisha tukafunga nati ya kuzuia. Oili tuliijaza kwa tundu la chini hadi ikachuruzika tundu la juu.

Boti imerudi Kinasi, na oili tuliyoimwaga baada ya wiki moja ya kazi ilitoka safi. Mafundi wenzangu, nawaomba: kila mnaposhusha mguu, ipimeni fimbo ya gia kabla ya kufunga.