Heshima Isiyo na Daftari

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo ambalo kwa kawaida halihakikiwi kwa sababu limevikwa utukufu: namna jamii yetu inavyowaenzi wapiganaji wake wastaafu. Tunalitazama jambo hilo katika Mkoa wa Mara, hasa Musoma, Bunda na Butiama. Hatukuuchagua mkoa huo kwa kuwa una upungufu kuliko mingine. Tumeuchagua kwa kuwa una fahari kubwa ya kijeshi, na mahali penye fahari kubwa ndipo pengo lililo chini yake huonekana waziwazi.

Hoja yetu ni moja. Heshima isiyo na daftari la majina, fungu la fedha na mtu wa kuulizwa, ni sherehe tu. Na fahari ya mji au kijiji haisimami juu ya sherehe. Husimama juu ya wajibu unaotekelezwa na kuonekana.

Maana ya upinde

Kila tarehe 25 Julai Taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kwa desturi Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mishale, na mzee anayewawakilisha wapiganaji wa zamani huweka shoka.

Tuisome ibada hii kama tunavyosoma kitabu. Isipokuwa shada la maua, vitu vyote vinavyowekwa ni zana za babu zetu, na kila zana ina mwenyewe. Mkuki na ngao ni vya Taifa zima. Sime ni ya Jeshi. Upinde umepewa meya, yaani serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba mpangilio wenyewe unatambua kuwa serikali za mitaa zina deni lao kwa wapiganaji, mbali na deni la Serikali Kuu na mbali na deni la Jeshi. Hili ni wazo zuri na la kimapinduzi. Kasoro yake ni kwamba limebaki katika ishara. Upinde ukishalazwa chini na bendi ikishamaliza kupiga, ni kifungu gani cha bajeti ya halmashauri kinachoufuata upinde ule?

Kuna kasoro ya pili. Ibada ile huzungumza na waliokufa. Hilo ni jema, lakini marehemu hadai dawa, hadai bati la kuezekea, wala hapangi foleni ya zahanati. Anayeyahitaji hayo ni mzee aliyeweka shoka, pamoja na maelfu wenzake ambao hawakualikwa penye mnara.

Somo la wapagazi

Kuwaenzi wapiganaji kwa shaba na maneno si jambo tulilolianza sisi. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 mamia ya maelfu ya Waafrika wa sehemu hizi walikokotwa kuwa wapagazi wa majeshi ya Waingereza na Wajerumani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Vita vilipokwisha, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Wakubwa wa kikoloni walisema kuwa jamaa hao hawakujulikana waliko, kwa kuwa kumbukumbu zilikuwa mbovu. Lakini mwaka 1927 sanamu ya Askari ilizinduliwa katikati ya Dar es Salaam. Sanamu ilipatikana, mshahara haukupatikana.

Mwanafunzi wa siasa asipite haraka hapa. Dhuluma ile haikuhitaji kukana kwamba wapagazi walitumika. Ilitosha kutokuwa na orodha. Anayetaka kukwepa deni hasemi hadaiwi. Husema daftari limepotea.

Wapiganaji wa Mara

Watu wa Mara waliingia kwa wingi katika jeshi la kikoloni la KAR, na baadaye katika Jeshi la Wananchi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo. Jenerali David Musuguri ni mfano ulio wazi. Alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia KAR mwaka 1942 na kupelekwa Madagascar. Katika vita dhidi ya Idi Amin aliongoza Divisheni ya 20, kisha akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi tangu 1980 hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104, akazikwa Butiama, kijiji ambacho pia kina kaburi la Mwalimu Nyerere na Makumbusho yake.

Wageni na wanafunzi huenda Butiama kujifunza historia, na ni haki yao. Lakini historia ya jenerali haitoshi kuwa historia ya jeshi. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu la kudumu halikutosha. Wanamgambo wapatao 40,000 waliingizwa vitani kutoka mikoa mbalimbali, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikombolewa. Wanamgambo hao walikuwa wakulima, wavuvi, walimu na vijana wa vijiji. Vita vilipomalizika wengi wao waliondolewa jeshini na kurudi makwao, katika kipindi kile ambacho Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18.

Fasihi yetu iliwahi kuvisimulia vita hivyo mapema. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka uliofuata. Majina ya vitabu yenyewe yanaonyesha macho ya Taifa yalikuwa wapi wakati ule: kwa adui anayezama, adui anayeanguka. Ilikuwa sawa kwa wakati wake. Lakini safari ya mwanamgambo haikuishia Kampala. Iliishia kijijini, na sehemu hiyo ya hadithi ndiyo inayosubiri kuandikwa.

Pengo lilivyozaliwa

Kiini cha tatizo si roho mbaya ya mtu fulani. Ni mpangilio wa utawala, na lazima tuuchambue.

Kwanza, pensheni ya jeshi hutokana na miaka ya utumishi. Aliyelitumikia Jeshi miaka ishirini ana faili, namba na malipo yake. Aliyeitwa mwaka 1978 na kuachiwa baada ya ushindi hana miaka hiyo. Risasi haikuuliza nani ni askari wa kudumu na nani ni mwanamgambo. Sheria ya pensheni inauliza.

Pili, vita vilipotokea hapakuwa na halmashauri za wilaya za kuchaguliwa. Zilikuwa zimeondolewa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Kule chini palikuwa na serikali za vijiji za Sheria ya 1975 pamoja na matawi ya Chama. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, vita vikiwa vimekwisha miaka mitano. Butiama nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Kwa hiyo halmashauri ya leo inaweza kusema kwamba haikumtuma mtu vitani, kwa kuwa wakati huo haikuwapo. Kwa karatasi ni kweli. Kwa haki si kweli, kwa maana aliyerithi eneo, kodi na watu amerithi na madeni.

Tatu, hata sheria za sasa hazimwoni mpiganaji huyu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni mpango mzuri, lakini mzee wa vita hamo humtaji, ila kama ana ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kama mzee, na kwa sera hiyo anastahili matibabu bila malipo akiwa hana uwezo. Kama mpiganaji, hana mlango wake.

Majibu kwa wapinzani

Wako wanaosema kwamba ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo wastaafu wa vita waachiwe Serikali Kuu. Tunajibu: vita ni vya Taifa, lakini uzee ni wa kijiji. Mzee haumwi Dodoma. Anaumwa Butiama au Bunda, na anayejua kwamba nyumba yake inavuja ni mwenyekiti wa kitongoji.

Wako wanaosema kwamba kumtenga mpiganaji na wazee wengine ni kujenga tabaka jipya. Hoja hii ina uzito, na mwana-ujamaa asiidharau. Azimio la Arusha la 1967 lilikataa watu kuishi kwa jasho la wengine, lakini lilikubali wazi kwamba watoto, wazee na wasiojiweza wana haki ya kutunzwa na jamii. Hatuombi mpiganaji apewe gari wala cheo. Tunataka asipotee ndani ya haki ambayo tayari ni yake, na wajane wa wenzake wasipotee pamoja naye. Zanzibar imetuonyesha njia isiyojenga tabaka. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni ya jamii, awali shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000, bila kuulizwa alikuwa nani. Siku Bara itakapofika hapo, sehemu kubwa ya hoja yetu itakuwa imejibiwa. Kabla ya siku hiyo, kusema “wazee wote ni sawa” ni kuwasawazisha katika ukosefu.

Wako pia wanaosema fedha hazipo. Kwa mengine huenda ni kweli, lakini daftari ni karatasi na kalamu.

Fahari na wajibu

Wazanaki, Waikizu na Wakurya walikuwa na mpangilio wa marika, Saai na Chuma, ambapo kila kizazi kilijulikana kwa jina na zamu yake. Tusiupambe mno mpangilio huo. Ulikuwa na vita vya mifugo ndani yake. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo sherehe zetu hazina: hapakuwa na mtu aliyemaliza zamu yake ya ulinzi akawa hajulikani. Kumbukumbu ya jamii yenyewe ndiyo iliyokuwa daftari. Hapo ndipo fahari ya kweli inapotoka. Mtu huona fahari ya mahali pake anapojua kwamba mahali hapo panamjua.

Kwa hiyo basi, tunatoa kazi tatu kwa makada na wanafunzi wa Manispaa ya Musoma, wa halmashauri za wilaya za Musoma, Butiama na Bunda, na wa Mji wa Bunda. Kwanza, kila serikali ya kijiji na mtaa iandike daftari la waliokwenda vitani, waliorudi, wasiorudi na wajane wao, kwa msaada wa mabaraza ya wazee na shule za sekondari. Pili, majina hayo yasomwe mara moja kwa mwaka katika mkutano mkuu wa kijiji, pale pale mapato na matumizi yanaposomwa, ili wananchi waone kama kuna uhusiano kati ya orodha moja na nyingine. Tatu, diwani aulizwe ndani ya baraza lake: fungu liko wapi, na nani anaulizwa likikosekana?

Kazi hii haina muda mrefu wa kungoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uvamizi wa Kagera amekwisha kupita miaka 65. Kila mwaka unaopita, daftari linapungua majina kabla halijaandikwa. Wakoloni walijenga sanamu wakapoteza orodha. Sisi tuanze na orodha. Anayetaka kujua kama kijiji chake kinawaheshimu mashujaa asiende kutazama mnara. Aende ofisi ya kijiji, aombe aonyeshwe majina.