Muziki Uliotangulia Picha

Aghalabu muziki wa sinema hufanywa mtumishi wa picha. Picha hupigwa kwanza, kisa hukatwa na kuungwa, kisha mtungaji huitwa aje kutia huzuni palipo na kilio na kishindo palipo na vita. Sinema fupi ya Kanada iitwayo Begone Dull Care, ya mwaka 1949, iliupindua utaratibu huo. Kwa sababu hiyo ni kipimo chema cha kuamulia kama jazi ya wapigaji watatu yaweza kuibeba sinema peke yake.

Wapigaji hao walikuwa Oscar Peterson, aliyezaliwa Montreal mwaka 1925, katika piano. Austin Roberts katika besi. Na Clarence Jones katika ngoma. Muziki wao ulirekodiwa kwanza. Ndipo Norman McLaren na Evelyn Lambart, wa Halmashauri ya Taifa ya Filamu ya Kanada, walipopaka rangi na kukwaruza michoro juu ya utepe wenyewe wa filamu, bila ya kutumia kamera. Maadam picha 24 hupita kwa sekunde moja, kila mdundo ulikuwa na urefu wake juu ya utepe, na mchoraji aliweza kuupima kama fundi apimavyo kitambaa.

Sinema hii haina mtu, mahali wala kisa. Ina sehemu tatu, nazo zote pamoja hazitimizi dakika 8. Katika sehemu ya kwanza na ya mwisho vidole vya Peterson hukimbia, na rangi hukimbia navyo. Uhodari huo una ila yake: jicho hushiba mno hata sikio likaisahau besi, na mtazamaji wa mara ya kwanza huweza kuondoka akidhani kwamba amesikia piano tu.

Sehemu ya kati huiponya ila hiyo. Rangi huondoka, ikabaki mistari myembamba myeupe juu ya weusi. Muziki hupunguza mwendo, na baina ya sauti na sauti hupatikana nafasi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa kimya hicho huonekana hata kwa macho.

Yuko atakayesema kwamba sinema isiyo na kisa ni mchezo wa watoto. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama muziki nao ungekuwa hauna mwanzo, kati na mwisho. Lakini unavyo vyote vitatu, na picha huvifuata kwa uaminifu.

Mtazamaji atafanya vema kuirudia sinema hii mara ya pili akiwa amefumba macho. Muziki wa picha nyingi hufa picha ikiondolewa. Huu hubaki hai, na besi, iliyofunikwa na rangi, hupata haki yake.