"Substance" na "Substitute" Mikononi mwa Mfasiri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, mpe mwanafunzi sentensi ya Kiingereza yenye neno "substance" aitafsiri. Ataandika dutu. Mpe yenye "substitute", ataandika badala. Kamusi haikumpotosha, yeye ndiye aliyeishia kwenye maana ya kwanza.

Maneno haya ni ndugu. Katika Kilatini yamejengwa kwa kiambishi chenye maana ya "chini" pamoja na vitenzi vya kusimama na kusimamisha. Kiingereza kimeyatanua mno, nacho Kiswahili kina neno kwa kila upande. Dutu ni ya maabara. "Substance" inayomlevya kijana ni mihadarati, ya hotuba ni kiini, na mtu mwenye "substance" ni mkwasi. Uwanjani, "substitute" ni mchezaji wa akiba.

Katika fasihi kosa hugharimu zaidi. Chukua tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Julius Nyerere kwa jina Mabepari wa Venisi (1969). Maneno yote mawili yamo katika Kiingereza chake. Katika sehemu ya tatu, Bassanio anafungua kasha la risasi na kukuta picha ya Portia. Picha anaiita kivuli; Portia ndiye "substance". Andika dutu hapo, na bibi harusi amegeuka kemikali! Kiini nacho hakitoshi, kwani kiini hukaa ndani ya kitu, ilhali Bassanio anamsifu Portia mzima. Mimi ningeandika mwenyewe: picha ni kivuli, Portia ndiye mwenyewe.

Katika sehemu ya tano Portia anarudi nyumbani usiku, anaona mshumaa ambao mwanga wake ulikuwa umefifishwa na mbalamwezi. Anaulinganisha na "substitute" wa mfalme, anayeng'ara mpaka mfalme atokee. Badala haifai hapa. Badala hushika nafasi ya kitu kilichoondoka, pengine kisirudi. Huyu anashika kiti cha mtu anayerudi, na akirudi fahari yake yote inakwisha. Jina lake tunalo kila siku shuleni: kaimu. Isitoshe, kaimu limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama, kwa hiyo linakaribiana na lile la Kilatini kuliko tunavyodhani.

Limebaki jina la tamthilia. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mwalimu Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha (1967), aliandika mabepari, tena kwa wingi. Je, alibadilisha neno tu? Kwa maoni yangu aligusa kiini pia. Antonio anayekopa na Shylock anayekopesha wametiwa kapu moja, na msomaji anawahukumu wote kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Ni uamuzi wa kijasiri, nami naupenda, lakini ni wa Nyerere. Mtahiniwa anayejadili ubepari katika kazi hii aseme wazi kwamba anajadili jina alilolichagua mfasiri, na Antonio wa Shakespeare amweke kando.