Dhahabu ya HMS Edinburgh: kazi ya mikono katika kina cha mita 245

Zamani, mali iliyozama kwenye kina kirefu ilitolewa kwa nguvu. Deki ililipuliwa kwa baruti, kisha makucha makubwa ya chuma yakateremshwa kwa winchi na kuchota chochote kilichobaki. Kwa shehena ya shaba au bati njia hiyo ilitosha. Kwa manowari HMS Edinburgh haikukubalika, kwa kuwa ni kaburi la mabaharia waliokufa vitani, na Uingereza inalitambua hivyo. Ndiyo maana mkataba wa 1981 wa kutoa dhahabu ya meli hiyo ulimwendea Keith Jessop, mzamiaji wa Yorkshire ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishi kwa kutoa vyuma chakavu kwenye meli zilizozama. Pendekezo lake lilikuwa jingine kabisa: watu washuke wenyewe, wakate chuma kwa mkono, waingie chumba kimoja, watoe dhahabu na kuondoka.

Ugumu ulikuwa mahali penyewe. Meli hiyo iko chini ya Bahari ya Barents, kaskazini mwa Urusi, mita 245 kutoka usoni mwa maji.

Edinburgh iliondoka Murmansk mwishoni mwa Aprili 1942 ikisindikiza msafara wa QP 11. Ilibeba mikuo 465 ya dhahabu ndani ya masanduku 93 ya mbao, malipo ya Sovieti kwa zana za vita kutoka nchi za Magharibi. Tarehe 30 Aprili nyambizi ya Kijerumani U-456 iliipiga torpedo mbili: moja ubavuni, nyingine ikang'oa tezi. Ilijikokota kurudi Murmansk, lakini Mei 2 manowari za Kijerumani zikaifikia na torpedo nyingine ikaipata. Waingereza wakaamua kuizamisha wenyewe, kwa torpedo ya HMS Foresight, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Watu 58 walipoteza maisha.

Kwa mzamiaji, jambo la kwanza la kujua lilikuwa chumba gani hasa. Dhahabu iliwekwa katika chumba cha mabomu, upande wa kulia, jirani na pale torpedo ya kwanza ilipopasua. Meli ililala kwa ubavu wa kushoto, hivyo jeraha hilo likabaki likitazama juu. Bila bahati hiyo, njia ya kukata kwa mkono pengine isingefaa kitu. Bahati nyingine ni kwamba Edinburgh ina pacha wake, HMS Belfast, ambayo tangu 1971 ni makumbusho kwenye mto Thames jijini London. Mtu aliyetaka kujua ukuta gani unapakana na chumba gani aliweza kupanda Belfast na kutembea humo kwa miguu yake.

Masika ya 1981 meli ya utafiti Dammtor ilianza kuitafuta. Haikuchukua hata siku kumi. Picha za kamera zilizoteremshwa chini zilikuwa nzuri kiasi cha kutosha kupangia kazi, na tarehe 30 Agosti meli ya wazamiaji, Stephaniturm, ikaanza safari.

Kila mita kumi za maji huongeza shinikizo sawa na la angahewa nzima. Katika mita 245 mwili hubeba zaidi ya mara 25 ya shinikizo la nchi kavu. Hewa ya kawaida ikivutwa huko huua: nitrojeni humlevya mtu hadi asijue alipo, na oksijeni ileile inayotuweka hai huwa sumu na kuleta degedege. Kwa hiyo wazamiaji hupewa mchanganyiko ambao karibu wote ni heliamu, oksijeni ikiwa takriban asilimia mbili tu au pungufu. Kwa shinikizo lile, kiasi hicho kidogo kinatosha mapafu.

Halafu kuna suala la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa kazi hii. Gesi inayoingia mwilini kwa shinikizo hujipenyeza ndani ya damu na misuli, na mtu akipanda haraka hugeuka mapovu yanayoweza kumlemaza au kumuua. Kutoka kina kama hiki, kumtoa mtu salama huchukua zaidi ya wiki. Kumshusha kwa nusu saa kisha kumlipa wiki nzima ya kupanda ni hesabu isiyolipa. Lakini mwili ukishajaa gesi haujai tena, na deni la kupanda halizidi hata mtu akikaa chini mwezi. Basi wazamiaji hawapandishwi. Wanaishi ndani ya chemba za chuma juu ya meli, chemba zenye shinikizo lilelile la chini ya bahari. Wanakula humo na kulala humo, na zamu ikifika wanaingia kwenye kengele ya kuzamia iliyounganishwa na chemba na kuteremshwa kazini. Wanatolewa shinikizo mara moja tu, mwisho wa yote.

Jumla ya mambo haya ni kwamba walinunua subira. Mtu asiyekimbizana na saa anaweza kukata chuma kidogo kidogo, bila kulipua kaburi la watu.

Baridi nayo ilitaka hesabu yake. Maji ya huko yana nyuzi chache tu juu ya sifuri, na heliamu husafirisha joto mara sita hivi kuliko hewa, kwa hiyo mzamiaji hupozwa kutoka nje kwenye ngozi na kutoka ndani kwenye mapafu. Dawa yake ni maji ya moto yanayosukumwa kutoka melini kupitia mpira mrefu, yakaingia katikati ya vazi na mwili, huku gesi ya kuvuta ikipashwa joto pia. Maji hayo yakikatika, mtu ana dakika chache za kurudi kwenye kengele. Yakizidi moto, yanamuunguza. Hata chemba lazima ikae karibu nyuzi 30, joto ambalo mtu wa kaskazini angelikimbia, kwani ndani ya heliamu chini ya hapo mwili hutetemeka. Sauti nazo hugeuka nyembamba na kukwaruza hadi mashine maalumu izinyooshe ndipo msimamizi aelewe.

Huko chini hali ilikuwa chafu: mafuta mazito, matope, vyuma vilivyopindana, na risasi za mizinga zilizolala tangu vita. Kukata chuma kwa umeme na oksijeni mahali pa namna hiyo ni hatari mara mbili, maana gesi ya kukatia ikinaswa kwenye pembe ya dari inaweza kulipuka hata bila bomu. Majeraha yalianza kuwapata wazamiaji. Kisha Septemba 15 mmoja wao akapenya chumba cha mabomu na kutoka na mkuo wa kwanza.

Toka hapo kazi ikawa ya kupapasa na kupakia. Wawakilishi wa Sovieti na Uingereza walikuwa melini wakihesabu. Oktoba 7 hali mbaya ya hewa ilisimamisha uzamiaji, mikuo 431 ikiwa imetoka, yenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 43. Mwaka 1986 wazamiaji walirudi na kutoa mingine 29.

Mkataba ulikuwa wa bila dhahabu hakuna malipo: meli, heliamu na mishahara ni juu ya waokoaji hadi mkuo uguse deki. Kwa kubeba hatari hiyo walipata asilimia 45. Asilimia 55 iliyobaki iligawanywa, Sovieti theluthi mbili na Uingereza theluthi moja.