Istilahi Zipimwapo na Ubovu: Kiendeshi, Kushiriki na Nakala Rudufu

Tumezoea, sisi tulio katika kazi ya istilahi, kulipima neno jipya kwa maswali yale yale. Je, lafuata sarufi? Ni fupi? Lanyumbulika? Watumiaji watalikubali? Maswali hayo ni mema na hatuyaachi. Leo twapenda kuongeza moja ambalo hatukulipata katika semina, bali katika sebule ya mwalimu mstaafu wa kata ya Endamarariek, wilayani Karatu. Swali lenyewe ni hili: neno hilo litamfaa nini mtu siku ile chombo chake kinapoharibika?

Mwalimu huyo anayo kompyuta ndogo ya zamani, isiyo na skrini wala kibodi, aliyoiweka juu ya kabati. Ndani yake mna diski mbili. Humo amehifadhi mitihani ya miaka iliyopita, maandalio ya masomo, picha za ukoo na nyimbo za kwaya alizozirekodi mwenyewe. Walimu majirani na watoto wa nyumba ile huyafikia hayo yote kwa simu na kompyuta zao kupitia rota, pasipo kununua kifurushi. Kompyuta ya namna hiyo, ambayo kazi yake ni kuzitumikia nyingine, ndiyo iitwayo seva, na jina hilo halijamsumbua mtu yeyote Endamarariek.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi. Asubuhi taa za seva zilikuwa zikimeta kama desturi, lakini kabrasha la mitihani halikuonekana tena katika kompyuta mpakato ya mwalimu. Akaufungua mwongozo aliokuwa amechapishiwa, uliofasiriwa kwa Kiswahili, akasoma hivi: “Ikiwa kiendeshi hakishirikiwi, ondoa kiendeshi, kisha ukisakinishe upya.” Naye akafanya kama alivyoambiwa. Alizima seva, akachomoa diski moja, akaiunganisha na kompyuta mpakato ili “aisakinishe”. Seva yake huendeshwa kwa Linux, na mpangilio wa diski zake hausomwi na Windows iliyokuwamo katika mpakato. Windows ikikutana na diski isiyoweza kuisoma humwuliza mtumiaji kama anataka kuifomati. Mwalimu alidhani huko ndiko kusakinisha upya, akakubali.

“Mwanangu,” alituambia tulipoketi naye, “kitabu kilisema niondoe, nikaondoa.”

Diski ile haikuwa na ubovu wowote. Baada ya umeme kurudi rota ilikuwa imeipa seva anwani nyingine, na kompyuta mpakato iliendelea kuitafuta katika anwani ya zamani, kama mgeni abishaye hodi katika nyumba ambayo mwenyewe amekwisha hama. Dawa yake ilikuwa kuiandika anwani mpya, na kuiagiza rota isiibadilishe tena. Mitihani ilipatikana katika diski ya pili. Nyimbo za kwaya, zilizokuwa katika ile moja tu, hazikupatikana.

Mfasiri wa mwongozo ule hatumtaji. Hata tungemjua tusingemtaja, kwa maana maneno aliyoyatumia sisi wenyewe tumeyatumia, tena bila wasiwasi. Tuyatazame basi moja moja.

Tuanze na kiendeshi. Katika Kiingereza yako maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja. La kwanza lataja chombo kinachohifadhi data. La pili lataja programu ndogo iiwezeshayo kompyuta kukitambua na kukitumia chombo fulani, kama vile printa au kadi ya mtandao. Wafasiri wengi wameyaita yote mawili kiendeshi. Wengine, kwa kutaka kutofautisha, huliita la pili kiendeshaji, nao hawana hakika wao kwa wao ni lipi la wapi. Mwongozo wa Endamarariek ulikusudia programu ya kadi ya mtandao: iondolewe, iwekwe tena. Msomaji akaelewa diski. Hakukosea kusoma. Kwa Kiswahili kile alisoma sawasawa kabisa.

Yawezekana mtu akauliza neno hili lilitoka wapi. Diski ya kwanza ya aina hii kuuzwa, ile ya kampuni ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, zilizozungushwa kwa mota, na zote pamoja zilibeba herufi kama milioni tano. Kwa mtambo wa namna hiyo, kuendesha ni jambo lionekanalo kwa macho. Bali diski nyingi za leo hazina kitu kizungukacho ndani yake. Ni vipande vya elektroniki vilivyotulia kimya. Kuziita viendeshi ni kufasiri historia ya Waingereza, wala si kukitaja chombo kilicho mbele yetu. Fundi wa Karatu mjini hasemi kiendeshi. Husema diski, au hadi diski, na mteja wake humwelewa, iwe yazunguka au haizunguki.

Yafaa kukumbuka kwamba haraka yetu ina sababu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo Baraza, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa likitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, kompyuta haikuwa chombo cha meza ya kila karani. Istilahi zake nyingi zilikuja baadaye, tena kwa mkupuo. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na makampuni ya nje nayo yakataka Kiswahili chao. Maelfu ya maneno yalihitajiwa kwa muda mfupi. Hapakuwa na nafasi ya kukaa na mwalimu sebuleni kwake.

Twaja kwa kushiriki, na hapa tutakaa kidogo, maana ubovu wake ni wa sarufi na wa maana pia. Kitenzi shiriki hakichukui kitu, hudai “katika”. Mtu hushiriki katika mkutano, katika mazishi, katika meza ya Bwana. Husemi umelishiriki faili, kama vile husemi umelihudhuria kiti. Hata hivyo simu zetu zatuambia “Shiriki” zikimaanisha “mpe mwingine”, na kutoka hapo zimezaliwa sura kama “zilizoshirikiwa nami”, ambazo mwanafunzi wa darasa la saba angezitilia alama nyekundu. Kushirikisha kungekuwa na nafuu, lakini ashirikishwaye ni mtu, si faili. Tena kwa ndugu zetu Waislamu neno hilo lina uzito wake katika itikadi, ambao mfasiri hana sababu ya kuuchokoza.

Ubaya mkubwa zaidi wajitokeza siku ya ubovu. “Hakishirikiwi” ni nini hasa? Huenda seva imezimika. Huenda anwani imebadilika, kama ilivyokuwa Endamarariek. Huenda diski imechomoka katika waya wake, seva ikawaka pasipo kuiona. Huenda diski yaonekana lakini kabrasha halikufunguliwa kwa watu wengine. Au limefunguliwa, ila mtumiaji huyu hakupewa idhini. Au amepewa idhini ya kabrasha na kunyimwa ile ya mafaili yaliyomo, maana katika seva nyingi hiyo ni milango miwili na yote yapasa iwe wazi. Huenda tena mpakato ni mpya na seva ni kuukuu: tangu mwaka 2017 Windows 10 ilianza kutolewa pasipo kuwekewa toleo la kwanza la itifaki ya kupeana mafaili, kwa ajili ya usalama, na seva zijuazo toleo hilo tu zikatoweka machoni pa kompyuta mpya. Hayo ni matatizo saba yenye dawa saba, na katika yote hakuna hata moja ambalo dawa yake ni kufomati. Neno moja liyafunikalo yote humwacha msomaji gizani, naye hushika lile analoweza kulishika kwa mkono, yaani diski.

Vijana wamekwisha kujitafutia neno lao, kushea. Wako wenzetu walichukiao. Sisi hatulichukii, ila twaona halisaidii, kwa sababu limeuchukua utata wa Kiingereza pamoja na sauti yake. Kugawana nako hakufai. Tukigawana debe la mahindi kila mmoja huondoka na fungu lake na debe hubaki tupu, ilhali faili husomwa na watu kumi likabaki zima.

Pendekezo letu ni kulitenga jina na tendo. Jina liwe kabrasha la pamoja. Wazee wangesema la shirika, kama walivyosema shamba la shirika, na hilo ndilo lingekuwa zuri kuliko yote, lakini shirika la siku hizi lina mkurugenzi na bodi, na msomaji angelitafuta kabrasha hilo ofisini. Tendo liwe kufungulia: “mfungulie mtumiaji kabrasha”, “kabrasha limefunguliwa kwa kusoma tu”, “hukufunguliwa”. Kitenzi hiki kina mtu na kina kitu, chanyumbulika bila kulazimishwa, na humwonyesha msomaji kwamba panapo mlango. Akiisha kujua kuwa pana mlango atauliza nani ana ufunguo, na hilo ndilo swali ambalo fundi hutaka aulize. Twajua kwamba kufungulia hakutaingia vema katika kitufe cha simu chenye nafasi ya herufi sita. Hapo, na hapo tu, tungekubali “Tuma” au “Mpe”, kwa kadiri ya kazi ya kitufe chenyewe.

Kuhusu hifadhi hatuna mengi. Karatu ndiyo njia ya kwendea Ngorongoro, na huko ukisema “hifadhi imejaa” wasikilizaji hucheka na kuuliza imejaa nyumbu au watalii. Neno moja limebebeshwa eneo la wanyama, nafasi ya kuwekea data na amri ya kuweka. Lakini muktadha huzitenga maana hizo, na hatujaona mtu aliyepata hasara kwa ajili yake. Tungeshauri tu kwamba mahali panapotajwa ukubwa pasemwe “nafasi ya hifadhi”.

Nakala rudufu, kwa upande wake, twaishitaki. Rudufu ni maradufu; nakala rudufu basi ni kitu kile kile mara mbili. Sasa ziko seva zenye diski mbili zilizofungwa pamoja hata kila kiandikwacho katika moja huandikwa papo hapo katika ya pili. Mafundi wengine huziita diski pacha, na jina hilo ni zuri. Pacha mmoja akifa, mwingine huendelea na kazi. Lakini faili likifutwa kwa makosa katika mmoja, limefutwa katika wote wawili kwa dakika ile ile. Na radi ikipiga, hupiga nyumba nzima. Mwenye diski pacha akiulizwa kama ana nakala rudufu atajibu anayo, na kwa lugha tuliyompa atakuwa amesema kweli. Siku ya msiba ndipo atagundua kwamba hana kitu. Chelezo, lililopendekezwa na wengine, ni neno la mabaharia, na kwa watu wa nyanda za juu za Karatu halina picha yoyote. Sisi twapendekeza nakala ya akiba. Kila mkulima wa Endamarariek ajua kwamba akiba ni ile iliyotengwa, isiyoguswa na ulaji wa kila siku, ikiwezekana iliyo chini ya paa lingine.

Pana jambo moja ambalo wenzetu wa pwani huenda wasilione kwa wepesi. Wenyeji wa huko kwa wingi ni Wairaqw, na lugha yao ya nyumbani ni ya jamii ya Kikushi. Kiswahili wamekipata shuleni, sokoni na kanisani, nao hukizungumza vizuri. Lakini neno geni la kitabuni hulipima kwa viungo vyake, kama walivyofundishwa darasani. Aliyezaliwa nalo huweza kulisamehe neno bovu kwa kukisia. Yule aliyelijua kwa kusoma huliamini. Kwa hiyo kosa letu la ofisini humfikia yeye akiwa hana ngao, na wasomaji wa namna hiyo ndio wengi wa wasomaji wa Kiswahili.

Tuliporudi tuliiandika upya ile sentensi ya mwongozo, tukampelekea mwalimu aijaribu. Ilitoka ndefu kuliko ya kwanza: “Kabrasha la pamoja lisipoonekana, usiiguse diski kwanza. Hakikisha seva inawaka na anwani yake ni ile ile. Kisha tazama kama seva yenyewe yaiona diski. Ikiiona, tazama kama umefunguliwa kabrasha na mafaili yaliyomo. Ukiwa umefunguliwa na bado halionekani, ondoa programu ya kadi ya mtandao katika kompyuta yako, uiweke tena. Diski isifomatiwe kamwe kabla ya kuwa na nakala ya akiba.” Alituletea jibu kwamba yaeleweka yote isipokuwa mahali pamoja, “seva yenyewe yaiona diski”. Aliuliza: je, kuiona ni kuitambua kuwa ipo, au ni kuifungua isomeke? Ana haki. Hayo ni matendo mawili, na diski huweza kutambuliwa pasipo kufunguliwa. Tendo la pili wengine huliita kupachika, lakini kwa masikio yetu kupachika ni kutia kitu mahali pake kwa mkono, na hofu yetu ni kwamba mtu atashika bisibisi. Hatujapata neno lililo bora. Mwenye nalo atuletee, pamoja na maelezo ya jinsi alivyolijaribu kwa mtu ambaye diski yake imegoma.